Bonyeza UDOM, nilimwambia

Ilikuwa saa tano na kitu usiku, nimeshazima taa, upepo wa Dodoma unagonga bati kama mtu anayedai kodi ya nyumba, simu ikaita. Mpwa wangu.

"Shikamoo mjomba. Samahani, ulikuwa umelala?"

"Marahaba mama, sijalala." Nilikuwa nimelala.

Akaniambia mkeka umetoka, yaani majina ya waliochaguliwa, kachaguliwa vyuo viwili, UDOM ya hapa Dodoma na UDSM ya Dar, na TCU, wale wa Tume ya Vyuo Vikuu, wameshamtumia ile namba ya kukonfemu kwa meseji. UDOM ni ualimu, historia na Kiswahili. UDSM ni sanaa za maonyesho. Akiiingiza ile namba kwenye mfumo wa chuo kimoja basi kingine ndo bai bai. Nibonyeze wapi mjomba? Akasita, nikasikia mbwa wa jirani yao anabweka, halafu akashusha sauti kama mtu ambaye mama yake yupo chumba cha pili: "Na ile barua ya Bagamoyo je?" Barua ya chuo cha sanaa, diploma.

"Bonyeza UDOM," nikamwambia.

"Haya mjomba. Usiku mwema."

Sekunde tatu. Labda nne.

## Ile haya

Kuna haya na haya. Mtoto wa kike wa kwetu akiongea na mjomba wake hasemi hapana, anasema haya, na wewe mtu mzima ndo unatakiwa uwe na masikio ya kujua ni haya ipi. Mimi niliisikia vizuri tu. Nikageuza mto upande wa ubaridi nikalala.

Asubuhi kwenye gari la kwenda kazini Mtumba ikaanza kunisumbua. Kidogo tu, kama uzi wa embe kwenye meno, unaugusa kwa ulimi, unasema utatoka wenyewe, mchana bado upo. Wiki ikapita upo. Wiki ya pili upo, na sasa nikawa nikikaa kwenye kikao watu wanaongelea bajeti mi nasikia "na ile barua ya Bagamoyo je".

Sijaandika humu muda mrefu, mnanijua, siandiki mpaka kitu kininyime usingizi. Hiki kilininyima.

## Kwanza nijitetee

Kabla hamjanirukia. Mimi ni mtoto wa UDOM, niliingia 2009, chuo kina miaka miwili tu tangu kianze, majengo yananuka rangi, vumbi mpaka ndani ya masikio. Nikamaliza 2012, nikasota kitaa mwaka na nusu, nikapata kazi. Haikuwa kazi ya ndoto, ilikuwa kazi. Kwenye ukoo wetu mi ndo wa kwanza kuvaa joho, na picha ya lile joho iko ukutani kwa dada yangu Chang'ombe ya hapa Dodoma, juu ya kalenda, huyu mtoto amekua akiiangalia kila anapokula ugali. Sasa mtu wa namna hiyo unamuuliza UDOM au Bagamoyo, saa tano usiku, unategemea ajibu nini?

Na sababu nilikuwa nazo. Digrii ni digrii. UDOM ni hapo hapo, akiumwa mama yake anapanda daladala. Ualimu una ajira, au tuseme una foleni ya ajira, na foleni nayo ni kitu. Halafu mtaala mpya umekuja na mkondo wa amali sekondari, yaani wa ufundi na ujuzi, humo ndani sanaa bunifu imo, nikajiambia si ndo kapata vyote, atakuwa mwalimu na ngoma atafundisha?

Hii ya mwisho niliipenda sana. Niliitembeza kichwani siku mbili nzima mpaka nikagundua kwamba mtoto amechaguliwa historia na Kiswahili. Atafundisha Vita vya Maji Maji na ngeli za nomino. Ngoma atapiga Ijumaa jioni, wenzake wakimruhusu.

Watu wengine wataniuliza, kwani UDSM si wanafundisha sanaa za maonyesho tangu miaka ya sitini huko, kwa nini hukusema abonyeze UDSM, apate digrii na sanaa kwa mpigo? Swali zuri. Jibu ni kwamba hata sikuwaza. Nilisikia "UDSM" nikasikia Dar, nikasikia kodi ya chumba, nikaruka.

Lishike hilo, nitalirudia.

## Mapaja ya bibi

Mama yetu, yaani bibi yake, yupo kijijini Chamwino na ndo aliyemfundisha muheme. Kwa ambao si wa huku: muheme ni ngoma ya wanawake wa Kigogo. Sisemi ngoma wanayocheza wanawake, hapana, ngoma wanayopiga wenyewe. Mwanamke anakaa au anasimama, anaibana ngoma katikati ya mapaja imeinamia mbele, mikono mitupu. Wanaume tunaruhusiwa kurukaruka pembeni.

Mtoto alianza akiwa na miaka sita, kila likizo. Ngozi ikilegea bibi anawasha majani makavu, anaielekeza ngoma kwenye moto, anagonga kwa kidole, anasikiliza, anarudisha tena kwenye moto, na yule mtoto amechuchumaa pembeni anagonga na yeye kwa kidole kimoja. Hakuna anayesema kitu. Ndo darasa lenyewe hilo. Ngozi ikikaa sawa bibi anaguna tu, mh, wanaanza.

Siku ya tatu baada ya ile simu nikakumbuka kitu nilichokuwa nimekisahau kabisa. Harusi moja Ihumwa, miaka minne imepita, mama mmoja aliyekuwa anaongoza ngoma akazidiwa na presha ikabidi akalale ndani. Ngoma ikapwaya, mnajua ngoma ikipwaya inavyokuwa, watu wanacheza kwa adabu tu. Huyu mtoto, miaka kumi na nne, gauni la kitenge limemzidi, akaenda akaichukua ngoma ya yule mama, akaibana, hakuangalia mtu. Mapigo ya kwanza kama manne alikosea. Akaacha. Akavuta pumzi. Akaanza upya akiwa chini ya wenzake, polepole, akawa anawasogeza bila wao kujua, na baada ya muda nikaona wamama wa makamo ambao walikuwa wanatafuta viatu waondoke wamegeuka wamerudi uwanjani.

Mi nilikuwa nimeshika sahani ya pilau. Pilau likapoa.

Kitu kilichonichoma ni kwamba siku ile nilimwambia dada, tena kwa sauti, "huyu mtoto ana kitu huyu". Miaka minne baadaye kitu chenyewe kinanipigia simu usiku, nakiambia bonyeza UDOM.

## Habari ya Zawose

Ofisini nina mwenzangu wa meza ya pili, mtu wa Kondoa, anapenda ubishi kuliko chai. Nikamweleza. Akaniambia mzee Hukwe Zawose alikuwa na digrii ya wapi? Mgogo wa hapa hapa, kachukuliwa na Mwalimu Nyerere kwa ajili ya sauti na zeze lake, kaenda kufundisha chuo cha sanaa Bagamoyo, kazunguka dunia, mpaka anafariki 2003 hakuna aliyemuuliza cheti.

Hiyo hoja imenichosha kiukweli. Kila kijana akitaka kuacha shule kwa ajili ya muziki anatajiwa Zawose, kama vile akina Zawose wanaota kandokando ya barabara kama mikambala. Wako wapi wale wengine mia waliopiga zeze vizuri tu na wakafa wakichunga? Huwezi kumshauri mtoto wa dada yako kwa kutumia mtu mmoja ambaye Mungu alikaa naye chini.

Nikamjibu na mimi kwa mfano wangu, Dokta Kedmon Mapana, Mgogo vile vile, kasoma muziki mpaka udaktari, kafundisha UDSM, kaanzisha tamasha la muziki wa Wagogo pale pale Chamwino, kaja kuwa Katibu Mtendaji wa BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa. Umeona? Shule!

Akacheka. Akasema, "Na yeye mmoja."

Basi tukakaa kimya kila mtu na mfano wake mmoja.

Ila kuna kitu kwenye huo ubishi sikumwambia kwa sababu sikuwa nimekijua. Mpwa wangu kwenye simu yake ana video za Zawose Queens, Pendo na Leah, mtoto na mjukuu wa Hukwe. Anazo nyingi. Nilipokuja kumuuliza kwa nini hawa, nikitegemea aseme kwa sababu wanapanda ndege, akaniambia, "Mjomba, wanapiga ilimba. Wanawake. Bibi alinikatalia kugusa ilimba." Ilimba, ile ala ya kupigwa kwa vidole gumba, na zeze ni vya wanaume, ndivyo tulivyokuta. Huyu mtoto hakuwa anatafuta umaarufu bwana. Alikuwa anatafuta mahali ambapo hatakatazwa chombo.

## Hesabu nyuma ya bahasha

Sasa turudi kwenye lile la "nikaruka".

Kuna siku umeme ulikatika ofisini, kompyuta zimezima, nikachukua bahasha nikachora mstari katikati. Huku UDOM, huku Bagamoyo. Nilitaka kuandika faida na hasara kama mtu mwenye akili. Upande wa UDOM nikaandika: mkopo, bumu (ile hela ya kujikimu ya mwanafunzi), nyumbani karibu. Upande wa Bagamoyo nikaandika: ada, chumba, chakula, nauli. Nikaangalia. Nikaona aibu kidogo pale mezani, peke yangu, gizani.

Kila kitu nilichoandika kilikuwa hela. Na si hela yake, ni yangu.

Kwa sababu hivi ndo ilivyo na hatuongei. Akienda digrii anaomba mkopo Bodi ya Mikopo, na kwa hali ya mama yake na biashara yake ya mboga kavu pale Majengo anapata, na baba yake yupo lakini yupo kwa ile namna ya "yupo". Akienda diploma ya sanaa, hakuna Bodi. Mkopo wa diploma ulianza mwaka wa masomo 2023/2024 lakini ukaelekezwa kwenye fani za kipaumbele, afya, kilimo, madini, usafirishaji, za namna hiyo. Ngoma haimo. Kwa hiyo Bagamoyo analipa nani? Mjomba mwenye joho ukutani.

Yaani nilimshauri kwa kutumia mfuko wangu, halafu nikauvisha ule mfuko miwani ukaonekana busara.

Na la kuchekesha, ule mkopo ninaousifia naujua mimi. Bodi walikuwa wananikata asilimia 8 ya mshahara, ikapandishwa ikawa 15, nimekatwa miaka. Bumu lenyewe nilinunulia redio. Kwa hiyo hata ile "bure" ya UDOM si bure, ni kwamba anayelipa ni yeye mwenyewe akiwa na miaka thelathini, badala ya mimi sasa hivi. Niliona ni sawa kabisa alipe yeye baadaye. Nililala nayo hiyo.

## Dakika saba

Katikati ya mwezi nikatumwa Dar kikazi siku mbili, na Jumamosi badala ya kurudi nikapanda gari la Bagamoyo. Sikumwambia mtu. Nilisema ninakwenda kuchungulia tu, nijihakikishie kwamba niko sahihi. Watu huwa wanaenda kuchungulia kwa nia hiyo.

Chuo kiko karibu na bahari, TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, wazee bado wanaita Chuo cha Sanaa kama kilivyoanza 1981 baada ya vile vikundi vya taifa vya sanaa kuvunjwa. TaSUBa kama wakala wa serikali imeanza 2007, mwaka ule ule na UDOM. Nilitabasamu peke yangu nilipolikumbuka hilo, rika moja hawa.

Nikajieleza getini, nikaambiwa karibu tazama. Kulikuwa na vijana kama kumi na tano wanafanya mazoezi, peku, jasho linadondoka sakafuni mpaka mmoja kachukua tambara kafuta asije mtu akateleza. Wanapiga kipande kimoja. Kifupi sana. Mwalimu anawasimamisha, anasema neno moja, wanarudia. Anawasimamisha, wanarudia. Nilikaa pale karibu saa nzima, kipande ni kile kile, na mimi ambaye sijui kitu kufikia mwisho nikawa nasikia tofauti, kuna dada mmoja wa pembeni alikuwa anachelewa kidogo sana, unywele, na alipoacha kuchelewa chumba kizima kikabadilika.

Nikawaza UDOM yangu. Miaka mitatu, na hakuna hata siku moja nilifanya kitu kimoja saa nzima mpaka kikabadilika. Tulikuwa mia tatu kwenye ukumbi, tunanakili slaidi, tunapiga kopi pasi pepa za miaka iliyopita. Sisemi haikunisaidia. Ilinisaidia, nimejifunza kuandika, kujenga hoja, kumsoma bosi. Lakini mwili wangu haukujifunza kitu chochote pale zaidi ya kukaa.

Walivyomaliza kile kipande wakapiga ngoma nzima na ikawa, eti jamani, ya kwetu. Ya Kigogo. Niliitambua kwenye sekunde ya pili, nikasimama bila kujijua. Ikapigwa, ikapanda, ikafika kileleni, ikakatika. Nikaangalia saa. Dakika saba.

Kwetu ile inaanza jua likizama na inaisha majogoo yakiwika.

Nilimuuliza kijana mmoja wa mwaka wa mwisho wakati anakunywa maji, mbona fupi? Akasema, "Jukwaani bro mtu hakai usiku kucha. Unajifunza kukata." Nikamuuliza na lile swali ambalo wote mnataka niulize, kazi je? Hakunidanganya. Akasema wengine wanapiga hotelini kwa watalii, wengine wana vikundi, kuna waliopata shule za kimataifa wanafundisha, kuna mwenzao wa mwaka uliotangulia anauza simu Kariakoo. Harusi zikija wanakula, Ramadhani wanafunga hata kama ni Wakristo. Akacheka na mimi nikacheka, lakini kile kicheko kilinikaa tumboni mpaka Chalinze.

Kwa hiyo hapana, sikurudi nimeokoka. Nilirudi na hofu yangu kamili. Ila ilikuwa imebadilika jina. Kwanza niliogopa kwamba Bagamoyo si shule ya maana, sasa nikawa naogopa tu kwamba ni shule ya maana kwenye nchi ambayo mpiga ngoma analipwa kwa soda.

## Alikata wapi

Jumapili nikaenda kwa dada. Nikawakuta wanachambua mlenda barazani. Nikamsimulia mpwa wangu nilichokiona, nikafika kwenye zile dakika saba, nikamwambia kwa mshangao kama mtu anayesimulia ajali, usiku mzima wameukata wakaufanya dakika saba!

Nikategemea achukie. Ni ngoma ya bibi yake.

Akaacha mlenda. Akasema, "Walikata wapi?"

Nikasema sijui, wamekata tu.

"Hapana mjomba. Mwanzo kuna ile ya kuitana, si walianza nayo? Au waliingia moja kwa moja? Na pale katikati ambapo wakubwa wanapokezana, walipokezana au waliparuka? Maana ukiparuka pale, kule mwisho hakuwezi kupanda, hakuna pa kupandia."

Nilikuwa nimekaa pale saa nzima na nusu. Sikuwa na jibu hata moja. Na nikaona kwamba bibi naye hana, kwa sababu bibi hajawahi kukata, kwa nini akate, ana usiku mzima. Na wahadhiri wangu wote niliowapenda wasingekuwa nalo. Lile swali lina mahali linapojibiwa, pana sakafu yenye jasho na mtu anasema rudia.

Dada yangu alikuwa anatuangalia kwa zamu. Yeye ana hofu ya aina nyingine, na si ya kijinga. Mtoto wa kike, mbali, anacheza ngoma, pwani, watu watasema nini. Wanasikia chuo cha sanaa wanasikia uhuni. Aliuliza kitu kimoja tu: "Na akishindwa huko?"

Hapo ndo nikapata cha kusema kwa mara ya kwanza tangu ile simu. Nikamwambia, diploma inaishia ngazi ya 6, digrii ni ngazi ya 8, lakini njia ya kati ipo, akitoka na GPA ya 3.0 na zile D zake nne za Form Four ambazo anazo na chenji, anaomba chuo kikuu kama kawaida, hata hiyo UDSM ya sanaa za maonyesho, na mkopo anaomba wakati huo. Mlango haufungwi. Lakini geuza sasa: atoke UDOM na miaka ishirini na kitu ana digrii ya ualimu, aje hapa barazani aseme mama nataka kwenda Bagamoyo kujifunza ngoma. Kwenye karatasi inaruhusiwa. Wewe utamruhusu? Mimi nitamruhusu? Wote tutakuwa tumekaa tunasubiri mshahara wake wa kwanza.

Dada akanyamaza. Akasema, "Sasa si ameshabonyeza UDOM lakini? Wewe mwenyewe ndo ulimwambia."

Nikasema ndiyo, na ndo maana nimekuja, tuone namna ya kuandika barua, kuna utaratibu wa kufuta, nitafuatilia.

Mtoto anachambua mlenda. Jani, kijiti, jani.

"Mjomba," akasema, "sikubonyeza."

## Siku zilizofuata, kwa kifupi

Dada hakuongea na mimi siku nne. Aliamini tulipanga. Muda wa kukonfemu ulikuwa umeshapita, UDOM imeenda, UDSM imeenda, na mtoto alikuwa amekaa nayo hiyo siri mwezi mzima akila chini ya picha ya joho langu. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia usiku ule. Akasema, "Nilikwambia haya mjomba. Sikusema nitabonyeza."

Na mi ndo nafundishwa Kiswahili.

Bibi alipopigiwa simu aliuliza kama huko pwani kuna majani makavu ya kuotesha ngoma moto. Tulimwambia yapo ya mnazi. Akasema basi.

Ada ya kwanza nimelipa. Sitaki kuisema kwa mbwembwe, imeniuma, kuna gari nilikuwa nalitolea macho, acha tu. Na usiku nikiamka bado napiga hesabu ya miaka yote mpaka diploma na yule kijana anayeuza simu Kariakoo bado ananijia. Mtu akiniuliza leo nina uhakika nitasema sina. Niko radhi zaidi na huku kutokuwa na uhakika kuliko nilivyokuwa radhi na zile sekunde tatu.

## Nanenane, saa kumi na moja alfajiri

Stendi ya Nanenane baridi ile ya Dodoma, wauza kahawa, konda anapiga kelele Moro Chalinze Dar. Ngoma tuliifunga kwenye khanga mbili za bibi. Konda akaigonga kwa kiganja, du, akasema huu mzigo, unalipiwa, tena unakaa chini kwenye buti. Nikamwambia kwenye buti haikai, ngozi itachanika. Akasema basi lipia siti. Nikamwambia siti ya ngoma? Akasema kwani inapumua? Tukabishana pale mpaka abiria wakaanza kutoa maoni, mama mmoja akasema ngoma si mzigo, mzee mmoja akasema ni mzigo kama mizigo mingine, dada yangu amesimama pembeni kafumba mdomo kwa khanga sijui analia sijui anacheka.

Mpwa wangu hakusubiri. Alipanda, akakaa siti yake ya dirishani, akaomba apitishiwe ngoma, akaibana katikati ya mapaja, ikainamia mbele kidogo, akaweka viganja vyote viwili juu ya ile khanga.

Konda akachungulia ndani. Akaangalia njia, ilikuwa wazi. Akaangalia siti ya jirani, ilikuwa wazi.

"Haya," akasema, "twende."